Ngazi za Bakuli zinamsubiri mtu mmoja

Alfajiri, kabla basi la kwanza la wageni halijaanza kushuka kona za mlimani, mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli ya bluu anatembea kinyumenyume kuelekea baharini.

Hajapotea wala hachezi. Yuko pekupeku, suruali ameikunja mpaka magotini, na mkono mmoja umeshika bomba la chuma lililochimbiwa mwambani. Anashusha kisigino cha kulia kwenye ngazi ya jiwe, anakisugua taratibu, anatulia. Kisha cha kushoto. Mgongoni mwake maji ya bwawa yametulia tuli. Ng'ambo ya maji kuna ukuta wa mawe meusi, na ng'ambo ya ukuta bahari inajigonga na kunguruma kama kawaida yake.

"Vidole vinadanganya," anasema bila kuinua kichwa. "Vidole vinang'ang'ania hata penye utelezi. Kisigino hakina ujanja. Kikiteleza kimeteleza, na hapo najua leo nina kazi."

Leo hakijateleza. Hata hivyo anachukua brashi yake ndefu ya nyuzi ngumu na kusugua katikati ya kila ngazi, pale miguu ya watu inapokanyaga. Pembeni hagusi. Huko pembeni na kwenye uso wa mbele wa kila ngazi wamejibandika konokono bapa wa baharini, kila mmoja na gamba lililochongoka juu kama kofia. Watu wa hapa huwaita vikofia.

"Hawa ni wafanyakazi wenzangu," anasema. "Wao zamu yao usiku, mimi asubuhi. Hawajawahi kuniomba likizo, wala kunisengenya kwa bosi."

Jina lake la nyumbani halitumiki sana siku hizi. Wageni, madereva, hata watoto wake wakitaka kumtania, wote humwita Mama Brashi. Ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka tisa sasa ndiye mtunzaji wa mabwawa ya asili yaliyo chini ya mlima. Ni mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na kujisifu hakumpi shida.

"Ngazi zangu unaweza kumshusha bibi harusi na viatu vyake virefu," anasema. "Asipofika salama, mimi nilipe shela."

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hajazishuka ngazi hizo kwa miaka miwili, na Mama Brashi anasema mpaka huyo atakaposhuka, yeye hana cha kujivunia. Mtu huyo ni mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga kwenye ngazi hizi hizi. Na aliyemvunja, Mama Brashi anakueleza hata kabla hujamwuliza, ni yeye mwenyewe na brashi yake.

Kisiwa hiki kimesimama wima. Mlima unaanzia majini na kuishia mawinguni, na nyumba zimejishikiza ubavuni mwake moja juu ya nyingine kiasi kwamba paa la jirani wa chini ndilo unaloliangalia ukifungua dirisha. Barabara ni moja. Inajikunja na kujikunjua, inaingia kwenye mashimo yaliyotobolewa ndani ya mlima, inatokeza mahali ambapo abiria wa upande wa dirishani huacha kuzungumza ghafla.

Mume wa Mama Brashi ndiye dereva wa basi linaloleta wageni, na anaijua kila kona kwa tabia zake. Anasema nusu ya abiria wake hufika chini wakiwa na nyuso za kijani.

"Wanateremka wameshika tumbo, wanaapa hawatapanda tena basi langu," anasema akicheka. "Nikija kuwachukua jioni inabidi niwapigie honi watoke majini."

Mabwawa ni matatu, na hayakujengwa na mtu. Zamani sana mlima ulitapika moto, uji wa mawe ukashuka mpaka baharini, ukapoa vibaya na kuacha mashimo. Bahari ikayakuta, ikayajaza. Maji yanapojaa, mawimbi huruka ukuta na kumwaga maji mapya ndani. Yanapokupwa, yale ya zamani hujipenyeza nje kupitia nyufa. Binadamu alichoongeza ni ngazi chache, mabomba ya kushikilia na mlingoti wa bendera.

Wageni huwa hawaamini. Asubuhi hii bwana mmoja aliyekuja na mkewe kutoka bara, amejifunga taulo kifuani kama mama mzazi, anamsimamisha Mama Brashi na kumwuliza maji haya hubadilishwa mara ngapi.

"Mara mbili kwa siku."

"Mara mbili! Si gharama hiyo?"

"Hatujawahi kuletewa bili," Mama Brashi anajibu, na mke wa bwana yule anaanza kucheka kabla ya mumewe.

Bwawa Kubwa ni la vijana wanaopenda kuruka kutoka juu. Bwawa la Watoto lina maji ya magotini na joto la kuogeshea mtoto. La tatu liko kando, limezungukwa na mwamba pande zote, na umbo lake ni la mviringo. Hilo linaitwa Bakuli. Mawimbi hayalifikii ila siku bahari imekasirika kweli. Ndilo la watu wazima, wa magoti mabovu na migongo inayouma, watu wanaotaka kuingia majini bila kurukiwa kichwani.

Kwa miaka arobaini, mama mkwe wa Mama Brashi aliogelea kwenye Bakuli kila asubuhi bahari iliporuhusu.

Alikuwa mfua nguo wa hospitali. Siku nzima alisimama kwenye mvuke, akiinua mashuka yaliyolowa. Anasema bila Bakuli mgongo wake ungekwisha mapema, na kwamba wenzake waliomcheka kwa kuamka gizani kwenda kuoga baharini wote leo wanatembea wakitazama chini.

Ndiye aliyemtafutia mkwewe kazi. Mtunzaji wa zamani alipostaafu, mama huyu alimshika mkono mke wa mwanawe na kumpeleka moja kwa moja kwa msimamizi wa mabwawa.

"Hakunitambulisha hata kwa jina," Mama Brashi anakumbuka. "Alisema, 'Huyu anasugua sufuria zangu mpaka najiona uso. Mpe kazi.' Basi. Huo ndio ulikuwa usaili."

Na kweli alisugua. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa mumewe na bado uko hivyo. Unalipa pango la nyumba na umeme, na kinachobaki hakimleweshi mtu. Lakini aliipenda kazi kuliko alivyotarajia. Kila jioni, wageni wakishaondoka, aliketi juu ya mwamba na kuyatazama mabwawa yake kama mtu aliyemaliza kupanga sebule.

Kasoro alizoziona zilikuwa mbili tatu, na moja ilimkera kuliko zote. Vikofia. Vilijazana kwenye ngazi za Bakuli, vilikuwa na kingo kali, na haikupita wiki bila mgeni kuja na kisigino kilichochanika akidai plasta na pole. Mbaya zaidi, machoni pake vilionekana kama uchafu.

"Kama ukoko wa sufuria," anasema. "Na mimi na ukoko hatujawahi kukaa nyumba moja."

Hakuna aliyemtuma. Majira ya baridi yalipoisha, alichukua patasi, nyundo na ndoo, akashuka Bakuli wakati maji yamekupwa. Alianzia ngazi ya juu. Kikofia kimoja kimoja. Alipomaliza alipaka dawa ya kuulia vijidudu ili visirudi. Ngazi zilitoka safi, laini, zikaonekana pana kuliko zamani.

Sifa zilimiminika. Msimamizi alileta mpiga picha, na ngazi za Bakuli zikatokea kwenye kijitabu cha watalii. Wageni wazee walimshika mkono kumshukuru. Mwokoaji wa mabwawa, mwanamume wa makamo anayeitwa Filimbi kwa sababu hasemi jambo akiweza kulipuliza, alimpulizia filimbi ndefu ya heshima.

"Nilivimba kichwa, sikufichi," anasema. "Nilitembea humu kama niliyeumba bahari."

Mama mkwe wake peke yake ndiye hakuona. Majuma hayo alikuwa kwa binti yake upande wa pili wa mlima, akimlea mjukuu mchanga.

Kisha joto likaja, na pamoja nalo utelezi. Mwanzoni ulikuwa rangi tu, kijani kama maji ya mchicha. Mama Brashi akausugua. Kesho yake ukawepo. Akausugua tena, akaongeza dawa. Kila alivyozidisha bidii ndivyo ulivyorudi mnene zaidi, na mwishowe ukawa kama ngozi ya samaki. Alisugua asubuhi, akasugua jioni. Alidhani tatizo ni brashi, akaomba mpya.

Mama mkwe alirudi nyumbani Jumapili. Jumatatu asubuhi, taulo begani, alishuka ngazi za Bakuli kama alivyozishuka maisha yake yote, bila kushika bomba. Ngazi ya tatu ikamwangusha.

Mama Brashi alikuwa upande wa Bwawa Kubwa. Hakusikia mtu akipiga kelele. Alisikia filimbi, si ile ya heshima.

"Tulimbeba juu ya ubao, mimi na Filimbi," anasema, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake inashuka. "Yeye amelala pale, mguu umeelekea kusiko, na bado anatuelekeza jinsi ya kubeba. 'Inua kichwa. Siyo hivyo. Nyie mnabeba kabati?' Nilitaka mwamba ufunguke nitumbukie."

Hospitalini walimwekea chuma kwenye nyonga. Ilikuwa hospitali ile ile aliyoifulia mashuka, na wauguzi wakubwa walimjua. Mama Brashi aliketi pembeni ya kitanda akisubiri azinduke, huku akipanga maneno ya kuomba msamaha.

"Akafungua macho. Nikajua ataniuliza amevunjika nini. Unajua aliniuliza nini? 'Vile vikofia umevipeleka wapi?'"

Alikuwa ameliona jambo lile kwa mguu, sekunde moja kabla ya kuanguka. Alikanyaga, hakuhisi kile kikwaruzo alichokizoea.

"Nikamwambia, 'Nilivitoa, mama. Vilikuwa vinachana watu.' Akafumba macho. Nikafikiri amezimia tena. Kumbe anajizuia asinitukane mbele ya daktari. Halafu akasema polepole, 'Hao ndio waliokuwa wanakula utelezi. Umewafukuza wasafishaji, ukabaki na brashi.'"

Mwalimu wa sayansi wa sekondari iliyo juu barabarani alikuja baadaye kuthibitisha. Alipiga magoti kwenye ngazi na kioo cha kukuzia, akaeleza kwa upole. Kikofia hutembea usiku na maji yanapojaa, akilamba mwamba kwa ulimi wenye meno madogo kama msasa. Anachokula ni ule ukijani wenyewe, ungali mchanga, kabla jicho la mtu halijauona. Ondoa kikofia, na ukijani unapata shamba.

"Hakunidharau," Mama Brashi anasema. "Aliniambia hata yeye angekuwa na patasi na hasira angefanya hivyo hivyo. Nilimshukuru, ingawa nilijua ananifariji."

Nyonga ilipona kwa kadiri ya nyonga ya mwanamke wa miaka sabini na miwili. Kilichokataa kupona ni mwendo. Daktari aliagiza mazoezi: kulala kitandani, kuinua mguu, kushusha. Mama mkwe aliyafanya siku chache akaacha, akisema yeye si mtoto wa kuchezeshwa miguu. Daktari akasema basi, atembee majini. Maji yatambeba uzito, na mguu utalegea wenyewe. Mama mkwe akakubali kwamba ni kweli. Majini hakwenda.

Miezi ikapita. Kutoka kitandani alifika mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kona ya barabara. Halafu safari zikaanza kufupika tena. Mwanzoni mwa mwaka huu zilikuwa ni kati ya kitanda na kiti cha dirishani, na daktari akaieleza familia bila kuzungusha: mguu usipofanyishwa kazi mwaka huu, utakakamaa hivyo hivyo.

"Ataishia kwenye kiti," anasema Mama Brashi. "Na aliyemkalisha pale ni mimi. Usiku nikilala nafikiria hilo tu. Mume wangu ananiambia nisijitese. Yeye ni mwema, lakini yeye hakushika patasi."

Mama mkwe alitoa sharti moja, na alilitoa mara moja. Vikofia vikirudi, naye atarudi.

Haikuwa rahisi kama inavyosemwa. Kwanza Mama Brashi alifanya alivyojua yeye, yaani kwa nguvu. Alikwenda kwenye miamba ya mbali, akabandua vikofia kwa kisu, akavileta kwenye ndoo na kuvipanga kwenye ngazi kama vikombe kabatini. Siku ya kwanza bahari ilipokasirika, wimbi likavizoa vyote.

"Niliua vingine kwa huruma," anasema.

Mwalimu alirudi kumsaidia. Kumbe kila kikofia hukaa mahali pake pamoja maishani. Huzunguka kutafuta chakula, kisha hurudi pale pale, na ukingo wa gamba lake umechongwa ukalingana na mwamba ule kama kifuniko na chungu chake. Ukimbandua unampasua mguu, na hata asipokufa, hakuna mahali pengine panapomkaa sawa. Kama unataka kumhamisha, mhamishe na jiwe lake.

Basi wakahamisha mawe. Mama Brashi na Filimbi walibeba mawe madogo yenye vikofia juu yake, yamefunikwa na gunia lililolowa, wakayapachika pembeni ya ngazi na kwenye nyufa za mwamba. Sehemu hiyo ilikuwa ya mgongo tu. Sehemu ngumu ilikuwa ni kusubiri, na kuweka brashi chini.

Bakuli lilifungwa kwa mnyororo. Msimamizi hakupenda, wageni hawakupenda. Ngazi zilibaki na ukijani wake, mchafu, unaonekana kutoka barabarani, na mtunzaji mwenye brashi akapita mbele yake kila asubuhi akitazama kando.

"Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa jela," anasema. Aliandika kibao kwa mkono wake na kukining'iniza kwenye mnyororo: Bakuli limepumzika. Mgeni mmoja alimwuliza limepumzika kutokana na nini. "Kutokana na mimi," akamjibu.

Msimamizi, anapoulizwa leo, anakiri kwamba alifikiria kumwondoa. "Nilikuwa na bwawa lililofungwa na mfanyakazi anayeniambia dawa ni kutofanya kazi," anasema. "Wewe ungemwelewa? Lakini alikuwa wa kwanza kusema kosa ni lake. Watu wa namna hiyo sina wengi."

Msimu huu mnyororo umetolewa. Ukijani umebaki nyuzi nyuzi pembezoni mwa maji, na kisigino cha Mama Brashi hakijateleza tangu Bakuli lifunguliwe. Sasa amepatana na vikofia: pembeni na mbele ya ngazi ni kwao, katikati ni kwa miguu ya watu, na dawa haiguswi. Anayetaka kuvibandua, hata kwa mzaha, hukutana na filimbi upande mmoja na ulimi wa Mama Brashi upande mwingine.

Lakini sharti lilikuwa la mama mkwe, na mama mkwe alikuwa bado dirishani.

Chumba chake kiko sehemu ya chini ya nyumba, ili asipande ngazi. Kitanda kimesogezwa ukutani, fimbo imeegemezwa, redio iko mezani imefunikwa na kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Dirishani unaonekana mstari mwembamba wa bahari kati ya paa mbili. Mabwawa hayaonekani.

"Umekuja kuandika habari zake?" anauliza mara tu anapoambiwa mgeni ni mwandishi. "Andika kwamba anaongea sana."

"Nimekusikia, mama!" sauti inatoka jikoni.

"Ndiyo maana nimesema."

Kila jioni, tangu mawe ya kwanza yahamishwe, Mama Brashi amekuwa akiingia chumba hiki na kutoa taarifa. Kimoja kimetembea. Viwili vimepanda ngazi ya pili. Mama mkwe hujifanya anasikiliza redio. Mwanawe anasema kila mke wake akianza, sauti ya redio hupungua.

Anapoulizwa kwa nini hajaenda kujionea, mama huyu hazunguki.

"Naogopa," anasema. "Maji siyaogopi, nayataka sana. Nayaota. Naogopa ngazi. Miaka arobaini nimeshuka pale na sasa moyo unanienda mbio nikifikiria ngazi ya tatu tu. Naona aibu, lakini ndivyo ilivyo."

Je, anamlaumu mkwewe?

"Nilimkasirikia sana. Mwaka mzima. Halafu nikachoka, maana yeye alikuwa amejikasirikia kuliko mimi. Sasa nataka tu asiniambie kwamba vimerudi. Nataka nivishike."

Kisha Mama Brashi anatokea mlangoni, mikono imelowa, na kusema Alhamisi wageni huwa wachache.

Alhamisi, basi linashuka mlimani likiwa na abiria mmoja kwenye kiti cha mbele. Dereva analiendesha taratibu mno hata abiria huyo anamwambia kwamba kama anataka kumzika, aende moja kwa moja makaburini.

Mwanawe anamshika mkono mpaka juu ya Bakuli. Hapo anamwambia inatosha. Amevaa vazi la kuogelea jeusi chini ya gauni, na gauni anamkabidhi Filimbi, ambaye analishika kwa mikono miwili kama kitu cha kuvunjika. Bwawani hamna mtu. Mama Brashi yuko chini, majini hadi kiunoni, na ovaroli yake.

Mama mkwe anatazama ngazi. Anatazama kwa muda mrefu, na hakuna anayethubutu kumharakisha. Kisha anaketi juu ya ngazi ya kwanza, polepole, mguu mbovu mbele.

"Asicheke mtu," anasema.

Anashuka amekaa, ngazi moja kisha nyingine, kama watoto wanavyoanza kushuka ngazi. Kwenye ya tatu anasita. Anapeleka mkono pembeni na kuupitisha kwenye uso wa mbele wa ngazi, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Mkono unatua.

"Huyu mdogo sana," anasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyu. Wote wadogo. Mbona ulisema umewahamisha wakubwa?"

"Wakubwa wako kwenye mawe yao pale pembeni. Hao ni watoto. Wamezaliwa hapa hapa."

"Hukuwaleta wewe?"

"Sikuwaleta, mama. Wamekuja wenyewe."

Mkono unaendelea kupapasa, mmoja baada ya mwingine. Halafu anasukuma mwili mbele, anaingia majini hadi kifuani, na pumzi inamtoka kwa nguvu kwa sababu ya baridi. Mkwewe amemshika chini ya mikono. Maji yanamwinua. Mguu ambao nchi kavu unaburutwa unapanda wenyewe mpaka vidole vinatokeza juu.

"Niachie."

"Mama, bado kido..."

"Niachie, nimesema. Mimi ndiye niliyejifunza kuogelea hapa, siyo wewe."

Mama Brashi anamwachia.

Hakuna cha ajabu kinachotokea. Mwanamke mzee anapiga maji kwa mikono, mguu mmoja ukisaidia na mwingine ukifuata, mpaka ukuta wa ng'ambo. Anaushika, anapumua, anageuka. Juu ya mwamba dereva wa basi amejifuta uso kwa kofia yake. Filimbi hajapuliza.

"Andika kwamba nimelia," Mama Brashi anasema akipanda ngazi, ovaroli ikichuruzika. "Wataona nimelowa wafikiri ni bahari. Wewe andika nimelia."

Anaketi kwenye ngazi ya juu na, kama kawaida yake, haichukui muda kabla ya kuanza kupanga. Daktari amesema kila siku, basi itakuwa kila siku. Kabla baridi haijaingia anataka mama mkwe awe anatembea kutoka kituo cha basi mwenyewe, fimbo akitaka abebe ya kufukuzia mbwa. Halafu kuna Bwawa Kubwa, ambako naye mtangulizi wake alikwangua ngazi mbili za mwisho; ameshaanza kutafuta mawe.

Na kuna jambo jingine. Hospitalini aliona watu wengi wa nyonga na magoti wakiinua miguu vitandani huku wakitazama dari. Amemwomba msimamizi saa ya kwanza ya kila asubuhi, kabla ya basi la wageni, Bakuli liwe la watu hao bila kiingilio, na yeye mwenyewe atawashusha ngazi mmoja mmoja.

Msimamizi bado hajajibu. Anasema ni suala la kufikiria, kuna taratibu, kuna wakubwa wa kuulizwa.

"Mwambieni asijichoshe kufikiria," inasema sauti kutoka katikati ya maji. "Sisi tumeshaanza."